Sigara ya kielektroniki

Sigara ya kielektroniki ni kifaa kinachotumia betri kupasha joto kimiminika, mara nyingi chenye nikotini, hadi kiwe mvuke unaovutwa mdomoni na kuingia mapafuni. Tofauti na sigara ya kawaida, kifaa hiki hakichomi tumbaku, hivyo hakitoi moshi wala majivu. Kwa sababu hiyo kimeenea duniani kama mbadala wa kuvuta tumbaku, hasa kwa watu wanaotaka kuacha sigara.

Wataalamu wengi wa afya wanakubaliana juu ya mambo mawili. Kwanza, mvutaji wa tumbaku anayehamia kabisa kwenye sigara ya kielektroniki hupunguza sumu nyingi zinazoingia mwilini mwake. Pili, mtu ambaye hakuwahi kuvuta hapati faida yoyote, bali hujiingiza katika madhara mapya na uraibu. Ubishi uliopo unahusu namna serikali inavyoweza kulinda kundi la pili bila kulinyima kundi la kwanza msaada. Nchi za Afrika Mashariki zimejibu swali hilo kwa njia tofauti.

Jina

Katika Kiswahili kifaa hiki huitwa sigara ya kielektroniki au sigara ya umeme. Vijana wa mijini hukiita "vepu", neno lililotoholewa kutoka Kiingereza. Jina "sigara" lina upungufu wake, kwa kuwa ndani ya kifaa hakuna jani la tumbaku. Hata hivyo nikotini iliyomo kwa kawaida hutolewa katika mmea wa tumbaku, ingawa siku hizi ipo pia inayotengenezwa maabara.

Sigara ya kielektroniki isichanganywe na vifaa vinavyopasha joto tumbaku halisi bila kuiwasha, kama vile IQOS ya kampuni ya Philip Morris. Isichanganywe pia na shisha, ambayo hutumia tumbaku na makaa ya moto, na moshi wake hupitia majini.

Muundo na utendaji kazi

Kifaa kina sehemu nne kuu:

1. Betri, kwa kawaida ya lithiamu.
2. Waya wa kupashia joto, uliozungushwa kama springi.
3. Kitangi au kifuko cha kimiminika, chenye pamba inayofyonza kimiminika na kukipeleka kwenye waya.
4. Mdomo wa kuvutia.

Mtumiaji anapovuta au kubonyeza kitufe, umeme wa betri hupita katika waya na kuupasha joto. Kimiminika kilicho kwenye pamba hugeuka ukungu wa matone madogo sana. Watu huuita mvuke, ingawa kisayansi ni erosoli, yaani matone yanayoelea hewani.

Kimiminika chenyewe huwa na propilini glikoli, gliserini, viungo vya ladha na, katika bidhaa nyingi, nikotini. Ladha ni za aina nyingi: tumbaku, mnanaa, embe, stroberi na hata peremende. Kiasi cha nikotini hutofautiana sana. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria inaruhusu kisichozidi miligramu 20 kwa kila mililita. Mahali pasipo na sheria huuzwa vyenye kiasi kikubwa zaidi.

Kuna vifaa vinavyojazwa upya na kuchajiwa, na kuna vya kutumia mara moja na kutupa. Aina ya pili ndiyo inayopendwa zaidi na vijana kwa kuwa ni rahisi kutumia na kuficha.

Historia

Wazo la sigara isiyo na moshi lilisajiliwa mapema. Mmarekani Herbert A. Gilbert aliomba hataza mwaka 1963 na kuipata mwaka 1965, lakini kifaa chake hakikufika sokoni.

Kifaa cha kisasa kilibuniwa mwaka 2003 na Hon Lik, mfamasia wa Uchina aliyekuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Baba yake pia alikuwa mvutaji na alifariki kwa saratani ya mapafu. Bidhaa hiyo ilianza kuuzwa Uchina mwaka 2004, kisha ikaingia Ulaya na Marekani katika miaka ya 2006 na 2007.

Mwanzoni watengenezaji walikuwa kampuni ndogo. Baadaye kampuni kubwa za sigara zilianza kununua hataza na hisa au kutengeneza bidhaa zao. Mwaka 2013 kampuni ya Imperial Tobacco ilinunua hataza za Hon Lik. Mwaka 2018 Altria, inayouza sigara za Marlboro nchini Marekani, ilinunua asilimia 35 ya kampuni ya Juul kwa dola bilioni 12.8. Juul, iliyoingia sokoni mwaka 2015, ilitumia chumvi za nikotini. Chumvi hizo hazikwaruzi koo, kwa hiyo mtumiaji aliweza kuvuta nikotini nyingi bila kukohoa. Kifaa chake, kinachofanana na flashi ya kompyuta, kilienea haraka katika shule za sekondari za Marekani.

Tofauti na moshi wa tumbaku

Ili kuelewa kwa nini kifaa hiki huitwa mbadala, ni lazima kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya: nikotini na moshi.

Nikotini ndiyo inayoleta uraibu. Huupa ubongo raha ya muda mfupi, kisha mwili huidai tena. Anayeikosa hupatwa na arosto: hasira, wasiwasi, kukosa usingizi na kushindwa kutuliza mawazo.

Moshi ndio unaosababisha sehemu kubwa ya vifo. Tumbaku inapowaka hutoa kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Humo mna lami inayoganda mapafuni na gesi ya kaboni monoksidi inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, wakiwemo zaidi ya milioni moja ambao hawavuti ila hupumua moshi wa wengine.

Kwa kuwa sigara ya kielektroniki haina kitu kinachowaka, haina lami wala kaboni monoksidi ya kiasi kinacholingana na cha sigara. Mwaka 2015 idara ya afya ya umma ya Uingereza ilikadiria kuwa madhara yake ni pungufu kwa takriban asilimia 95. Wanasayansi kadhaa waliipinga tarakimu hiyo kwa kuwa ilitokana na maoni ya jopo la wataalamu na si vipimo vya miaka mingi. Saratani na magonjwa sugu ya mapafu huchukua miaka 20 au 30 kujitokeza, na bidhaa hii haijatumika kwa wingi kwa muda huo. Kwa ufupi, "pungufu" si sawa na "salama".

Kusaidia kuacha sigara

Utafiti unaotajwa sana ulifanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019. Wavutaji 886 waliotaka kuacha waligawanywa katika makundi mawili: moja lilipewa sigara za kielektroniki, jingine lilipewa dawa za kawaida zenye nikotini kama vile plasta za kubandika na ubani wa kutafuna. Makundi yote mawili yalipata ushauri nasaha kila wiki kwa angalau majuma manne. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 ya kundi la kwanza walikuwa wameacha tumbaku, ikilinganishwa na asilimia 9.9 ya kundi la pili.

Utafiti huohuo ulionyesha upande wa pili. Kati ya waliofaulu kwa sigara ya kielektroniki, asilimia 80 walikuwa bado wanaitumia mwaka ulipoisha. Katika kundi la dawa, waliokuwa bado wanazitumia walikuwa asilimia 9 tu. Yaani wengi waliachana na moshi, lakini hawakuachana na nikotini.

Mapitio ya tafiti nyingi yaliyofanywa na taasisi ya Cochrane yamefikia hitimisho linalofanana: sigara za kielektroniki zenye nikotini huwasaidia watu wengi zaidi kuacha kuliko plasta na ubani. Ikumbukwe kuwa tafiti hizo zilihusu watu wazima walioamua kuacha, na wengi wao walipata ushauri. Hazithibitishi kuwa mtu anayenunua kifaa dukani bila nia ya kuacha atapata matokeo hayo.

Jambo linaloharibu faida yote ni kutumia vyote viwili, yaani kuvuta kifaa ofisini au ndani ya nyumba na kuwasha sigara nje. Mtu wa namna hiyo bado anapata sumu za moshi, pamoja na zile za mvuke.

Madhara

Uraibu. Nikotini huathiri ubongo unaoendelea kukua, na ubongo hukua hadi umri wa miaka 25 hivi. Kijana huzoea haraka zaidi kuliko mtu mzima.

Moyo na mapafu. Nikotini huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Mvuke unaweza kuwasha koo na njia za hewa, na huweza kuwa na chembe za metali kutoka kwenye waya uliopashwa joto.

Ujauzito. Nikotini hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni na inaweza kudhuru ukuaji wake.

Sumu. Kimiminika chenye nikotini kikinywewa na mtoto mdogo kinaweza kumuua. Rangi na harufu ya matunda huongeza hatari hiyo.

Kuungua. Betri mbovu au iliyochajiwa vibaya inaweza kushika moto au kulipuka.

Ugonjwa wa mapafu wa mwaka 2019. Nchini Marekani watu 2,807 walilazwa hospitalini au kufariki kutokana na kuumia mapafu baada ya kuvuta mvuke, na kati yao 68 walifariki, kwa hesabu ya hadi Februari 2020. Uchunguzi ulionyesha kuwa wengi walitumia bidhaa zenye kemikali ya bangi zilizonunuliwa njia za panya, na kuwa mafuta ya vitamini E asetati yaliyochanganywa humo ndiyo yaliyohusishwa zaidi na ugonjwa huo. Mkasa huo ulionyesha hatari ya bidhaa zisizokaguliwa na mamlaka yoyote.

Mazingira. Vifaa vya kutupa huacha plastiki, metali na betri za lithiamu kwenye takataka. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa vifaa hivyo kuanzia tarehe 1 Juni 2025.

Hali katika Afrika Mashariki

Uganda

Uganda ilichukua msimamo mkali kuliko majirani zake. Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika mwaka 2016, inakataza kuingiza, kutengeneza, kusambaza na kuuza sigara za kielektroniki. Katazo hilo linahusu pia shisha na tumbaku yenye ladha. Umri wa chini wa kuuziwa tumbaku uliwekwa kuwa miaka 21.

Kenya

Kenya haikupiga marufuku bali ilitoza kodi. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 iliweka ushuru wa shilingi 3,000 za Kenya kwa kila kifaa na 2,000 kwa kila kifuko cha kimiminika. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2007 haikuandikwa kwa ajili ya bidhaa hizi. Mwaka 2024 muswada wa kuirekebisha ili izihusu sigara za kielektroniki na bidhaa nyingine mpya za nikotini ulifikishwa katika Seneti.

Pengo hilo lilionekana wazi kwa bidhaa nyingine. Mwaka 2019 kampuni ya BAT ilianza kuuza Lyft, vifuko vidogo vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo wa juu. Vilikuwa vimesajiliwa kwenye bodi ya dawa, si chini ya sheria ya tumbaku. Baada ya malalamiko kwamba vinawafikia vijana, serikali ilisimamisha usajili huo mwaka 2020. Baadaye bidhaa hiyo ilirudi sokoni kwa jina la Velo.

Tanzania

Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya Tanzania ilitungwa mwaka 2003, mwaka uleule ambao Hon Lik alibuni kifaa chake. Inakataza kuwauzia tumbaku watoto wa chini ya miaka 18 na inazuia uvutaji katika maeneo ya umma. Iliandikwa kwa kufikiria jani la tumbaku na moshi wake, si betri na kimiminika. Tanzania iliridhia Mkataba wa WHO wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007. Tangu mwaka 2021 udhibiti wa bidhaa za tumbaku uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Shisha ilipigwa marufuku na serikali mwaka 2016.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 8.7 ya watu wazima, yaani watu milioni 2.6 hivi, walikuwa wakitumia tumbaku ya aina fulani: asilimia 14.6 ya wanaume na 3.2 ya wanawake. Tumbaku ni pia zao la biashara, hasa katika Mkoa wa Tabora, kwa hiyo jambo lolote linalohusu matumizi yake hugusa vilevile mapato ya wakulima na ya serikali.

Mijini na vijijini

Sigara ya kielektroniki kwa sasa ni bidhaa ya mijini zaidi. Huhitaji fedha za kuanzia, umeme wa kuchaji na duka la kununulia kimiminika. Sigara ya kawaida huuzwa moja moja kwenye kioski, na mvutaji wa kipato kidogo huweza kuinunua kila siku kwa fedha za mfukoni.

Wilaya za Karatu na Ngorongoro mkoani Arusha ni mfano mzuri wa namna matumizi ya tumbaku yalivyo ya aina nyingi. Katika mji wa Karatu, ulio kwenye barabara ya kwenda Bonde la Ngorongoro, hupita watalii wengi kutoka nchi ambako vifaa hivi ni vya kawaida. Lakini katika kata za wakulima na wafugaji, kama vile Qurus, mazingira ni ya vijijini. Wazee wa Kimaasai wanajulikana kwa kutumia ugoro, ambao ni tumbaku iliyosagwa, mara nyingi ikichanganywa na magadi. Wahadzabe wa Bonde la Eyasi huvuta kwa kiko cha jiwe.

Tofauti hizo zina maana kiafya. Faida ya sigara ya kielektroniki inatokana na kuondoa moshi. Anayetumia ugoro hana moshi wa kuondoa, kwa hiyo kwake kifaa hiki si mbadala. Kingemwongezea tu njia ya mapafu ambayo ugoro hauitumii kwa namna hiyo. Anayevuta kiko au sigara ya kusokota anaumizwa na moshi, lakini kwake kifaa kiko mbali na bei yake ni kubwa.

Sera za nchi nyingine

Mwezi Desemba 2023 WHO ilieleza kuwa nchi 34 zimepiga marufuku uuzaji wa sigara za kielektroniki, nchi 88 hazina umri wa chini wa kuzinunua, na nchi 74 hazina kanuni yoyote juu yake. Shirika hilo lilihimiza serikali kuwalinda watoto na vijana.

Brazili ilikataza uuzaji mwaka 2009, Omani mwaka 2015 na India mwaka 2019. Falme za Kiarabu zilifanya kinyume: ziliruhusu uuzaji mwaka 2019. Australia imeelekeza uuzaji kwenye maduka ya dawa. Uingereza na New Zealand huwahimiza wavutaji watu wazima kuhamia kwenye kifaa hiki, huku zikizuia uuzaji kwa walio chini ya miaka 18.

Njia nyingine za kuacha tumbaku

Sigara ya kielektroniki si njia pekee wala si ya kwanza. Mwongozo wa WHO uliotolewa mwaka 2024 unapendekeza kuunganisha ushauri nasaha na dawa. Dawa hizo ni nikotini ya tiba (plasta na ubani), vareniklini, bupropioni na sitisini. Sigara ya kielektroniki haimo katika orodha hiyo.

Hata mahali ambapo dawa hizo hazipatikani, baadhi ya hatua hazina gharama:

- Kupanga siku maalumu ya kuacha na kuwajulisha watu wa nyumbani.
- Kuondoa pakiti, viberiti na vyombo vya majivu.
- Kuepuka kwa muda mazingira yanayokumbusha sigara, kama vile vilabu vya pombe.
- Kuomba ushauri wa mhudumu wa afya katika zahanati au kituo cha afya.
- Kujua kuwa arosto huwa kali katika siku za mwanzo, kisha hupungua katika wiki zinazofuata.

Mwili huanza kupona mapema. Mapigo ya moyo hushuka ndani ya dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, na baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa karibu nusu ya ile ya mvutaji.

Mjadala

Wanaotetea sigara za kielektroniki husema kuwa kupiga marufuku bidhaa yenye madhara pungufu, huku sigara yenye madhara makubwa ikiuzwa kila duka, ni kumfungia mvutaji mlango wa kutokea. Wanaozipinga hujibu kuwa katika nchi nyingi za Afrika wavutaji ni wachache, na vijana wasiovuta ni wengi sana. Kwa hiyo bidhaa inayoenezwa kwa ladha za matunda itawaingiza wengi kuliko itakaowatoa. Huongeza kuwa kampuni zinazotangaza kifaa hiki kama tiba mara nyingi ndizo zinazouza sigara zenyewe.

Hoja zote mbili hukutana mahali pamoja: bila sheria inayotaja bidhaa hizi waziwazi, kupima nikotini iliyomo na kuzuia zisiuzwe kwa watoto, mvutaji anayetaka kuacha hana uhakika wa anachokinunua, na mtoto wa shule hana kinga ya kutosha.

Tazama pia

- Tumbaku
- Nikotini
- Ugoro
- Shisha
- Saratani ya mapafu
- Wilaya ya Karatu